Uchungu wa Mzizi wa Mahindi

Somo: Isaya 28:23-29

 

Leo tungependa kuongea juu ya swali ambalo watu wa makanisa yetu huuliza mara nyingi, na wanaoliuliza kwa uchungu zaidi ni wazazi waliouguza mtoto. Swali lenyewe ni hili: Ikiwa Mungu ni mwema, na vitu vyote vimetoka mkononi mwake, kwa nini basi aliumba vijidudu?

Hatutalimaliza swali hilo leo. Mama aliyempoteza mtoto kwa homa ya mapafu hana haja na hotuba. Ana haja na mtu wa kuketi naye, kumpikia chai, na kunyamaza. Lakini iko sehemu moja ya jambo hili ambayo twaweza kuieleza, nayo haiko mbali. Iko chini ya mahindi yetu.

Watu wengi wakisikia neno bakteria hufikiri ugonjwa tu. Hayo ni mawazo ya mtu aliyekutana na bakteria hospitalini peke yake. Kijiko kimoja cha udongo mzuri wa shamba huwa na bakteria mamia ya mamilioni, na walio wengi hawana shida yoyote na mwili wa mwanadamu. Wana kazi zao. Ndio waozeshao majani na samadi. Wengine hukaa katika vifundo vya mizizi ya maharagwe, wakiitia ardhi rutuba. Hayo wakulima wengi wamekwisha kufundishwa na mabwana shamba. Jambo tunalotaka kulieleza leo halijasemwa sana.

Katika somo letu nabii Isaya anamtazama mkulima akiwa kazini. Asema kwamba mkulima halimi tu siku zote bila kupanda. Akiisha kusawazisha shamba lake hutia kila mbegu mahali pake, viungo vidogo huku, ngano na shayiri kule. Tena wakati wa kupura hatumii chombo kimoja kwa mazao yote. Halafu nabii aeleza mkulima ameyapata wapi maarifa hayo: ameyapata kwa Mungu. Angalieni kwamba hapo hakumtaja kuhani wala mfalme. Amemtaja mtu mwenye jembe. Basi na sisi tuingie shambani.

Mche wa mahindi ukichomoza una adui wengi. Kuna wadudu, kuna kuvu, kuna bakteria wa kuozesha, nao hauwezi kukimbia. Kwa hiyo umepewa silaha ya namna nyingine. Ndani yake mna kemikali chungu, na mche mchanga ndio ulio nayo kwa wingi kuliko mmea uliokomaa. Mahindi huiweka kemikali hiyo ikiwa imefungwa pamoja na sukari, nayo ikiwa imefungwa hivyo haidhuru sana, kama panga lililo ndani ya ala. Mdudu akiuma jani, seli hupasuka, kitu cha kuondoa ile sukari hukutana nayo, na panga limechomolewa.

Mtu mmoja wa kwanza kuifungua siri hii alikuwa mtaalamu wa Ufini, Artturi Virtanen, ambaye mwaka 1945 alikuwa amepewa tuzo la Nobel kwa kazi yake juu ya chakula cha mifugo. Virtanen na wenzake walichunguza miche ya shayiri nyeusi, ile nafaka ya nchi za baridi ambayo Wazungu wa kaskazini huifanyia mikate, wakitaka kujua kwa nini mingine haishindwi na kuvu. Mwaka 1955 walitangaza kemikali iliyoizuia kuvu hiyo. Baada ya muda mfupi ndugu yake ilionekana katika ngano na katika mahindi. Wataalamu huifupisha jina hiyo ya mahindi kwa herufi nne, MBOA, nasi tutaiita hivyo.

Lakini mahindi hayaiweki silaha yote mwilini. Mizizi humwaga sehemu yake nje, katika udongo. Mtu angedhani ni hasara. Mmea umetumia jua na maji na mbolea ambayo mkulima ameinunua kwa fedha nyingi, kisha unamwaga! Na kweli, kile kinachomwagwa hakidumu. Kinachotoka mzizini hugeuka chenyewe kwa siku moja au mbili kuwa MBOA, na MBOA nayo hukaa udongoni siku chache tu, kisha haionekani.

Inakwenda wapi? Mwaka 1992 wataalamu wawili huko Marekani walionyesha jibu kwa ile kemikali ya shayiri nyeusi, na mwaka uliofuata jibu kama hilo lilipatikana kwa kemikali ya ngano na mahindi. Haipotei. Inageuzwa. Na wanaoigeuza ni viumbe vidogo vya udongo, kwa maana udongo ukiisha kuchomwa kwa joto hata vyote vife, kazi hiyo haifanyiki. Bakteria huivunja pete moja ya MBOA. Kipande kinachobaki hakikai peke yake. Viwili vyake hukutana, hewa ya oksijeni ikisaidia, navyo huungana kuwa kitu kimoja kipya, kikubwa zaidi, chenye rangi ya wekundu. Kitu hicho huitwa AMPO.

Sasa sikieni ajabu yake. Mahindi hayajui kutengeneza AMPO. Bakteria naye hawezi kuitengeneza kutoka kwa udongo mtupu. Mmoja ametoa uchungu wake, mwingine ameupokea na kuufanya kuwa jambo ambalo wa kwanza hakuweza. Na AMPO haipiti upesi kama MBOA; yaweza kukaa udongoni majuma mengi, hata miezi. Inazuia bakteria wengine wasikue, inazuia kuvu, tena inadhoofisha miche ya magugu. Ndugu yake wa karibu, anayetokana na shayiri nyeusi, alikuwa amekwisha kujulikana kwa njia nyingine kabisa: Wajapani walimpata mwaka 1960 katika bakteria wa udongo, wakamwandika katika orodha ya antibiotiki, yaani dawa za kuzuia bakteria.

Mwaka 2024 watafiti wa Uswisi walieleza namna baadhi ya bakteria wa mizizi ya mahindi wanavyoifungua ile pete. Wanacho chombo maalumu ndani ya seli, kimeng'enya, kinachokata mahali pamoja tu. Wenzao wa ukoo ule ule wasio na kimeng'enya hicho hukaa na MBOA bila kuweza kuifanya kitu. Na mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imeonyeshwa kwamba bakteria waliotolewa katika mizizi ya mahindi huvumilia uchungu huo kuliko bakteria waliotolewa katika mmea mdogo wa ukoo wa sukuma wiki, mmea usiotoa kemikali hizi. Ukuta wa nje wa seli ndio hasa unaoamua nani atavumilia na nani hatavumilia. Kwa hiyo mahindi hayafukuzi kila mtu mlangoni. Yanachagua wageni wake.

Huenda mkulima mmoja atauliza, je, haya yanamsaidia nini mtu wa Kitale au wa Embu? Ni swali la haki. Mwaka 2016 kiwavijeshi kutoka Amerika kiliingia Afrika, na mwaka 2017 kikaonekana hapa Kenya, na wengi wetu twakumbuka jinsi majani yalivyotobolewa kama chujio. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi walitangaza habari ya jaribio hili: walipanda mahindi ya kawaida katika udongo mmoja, na katika udongo mwingine mahindi ambayo hayatoi ule uchungu. Wakayaondoa yote. Kisha wakapanda mahindi mapya mahali pote pawili. Mahindi yaliyopandwa katika udongo uliopokea uchungu wa wale wa kwanza yalijikinga vizuri zaidi, na kiwavijeshi huyo huyo aliyatafuna bila kunenepa. Walipoharibu viumbe vya udongo, faida hiyo ilitoweka. Basi si kemikali peke yake. Ni jamii nzima ya udongo iliyopangwa upya na mahindi yaliyotangulia.

Lakini hatupendi kuwapa watu maneno matamu yasiyo kamili. Mahindi hayo ya pili yaliyojikinga vizuri hayakukua sana kama mengine. Mwenye kushika ngao mkono mmoja hulima kwa mkono uliobaki. Na mtu yeyote aliyelima mahindi juu ya mahindi miaka kumi mfululizo ajua kwamba ardhi huchoka. Inafurahisha kwamba ngano ilipopandwa baada ya mahindi, katika shamba halisi huko Uswisi, udongo uliopokea uchungu huo ulitoa mavuno yaliyozidi kwa zaidi ya asilimia 4, kama ilivyotangazwa mwaka 2023. Babu zetu waliobadilisha mazao hawakujua neno AMPO, lakini hawakuwa wajinga.

Tena yuko adui aliyejifunza kuipita silaha hii. Ni ile kuvu inayoyafanya mahindi yawe na ukungu wa rangi ya waridi katika gunzi, nayo hutoa sumu iitwayo fumonisini. Kuvu hiyo nayo huishika kemikali ya mmea na kuigeuza, lakini huigeuza kuwa kitu kisicho na nguvu yoyote, hata AMPO isipate kutengenezwa. Kile kile kilichomwagwa, mmoja akakifanya dawa na mwingine akakifanya takataka. Kwa hiyo akina mama, mkiona punje zenye ukungu msizichanganye na nzuri kwa kuona huruma ya debe. Zitengeni, zisisagwe.

Na hapa yafaa tuweke onyo jingine. Tusisikike tukisema kwamba mtu ale udongo, au achemshe mizizi ya mahindi anywe kwa ajili ya kifua. AMPO ni dawa ya udongo; si dawa ya watu, na hakuna daktari anayeiandika. Twajua kwamba mawe ya odowa yanauzwa kila soko na kwamba wajawazito wanayapenda. Hayo si tiba, na udongo huweza kuleta mayai ya minyoo.

Hata hivyo, dawa nyingi tunazopewa hospitalini zilianza udongoni kwa njia isiyo mbali na hii. Mwaka 1940 Selman Waksman na Boyd Woodruff, huko New Jersey katika Marekani, walipata katika bakteria wa udongo kitu chekundu walichokiita aktinomisini, ambacho kiini chake ni cha namna moja na kiini cha AMPO. Kilikuwa kikali mno kwa kutibu maambukizo, lakini baadaye kikawa msaada kwa watoto wenye saratani ya figo. Mwaka 1943 mwanafunzi wa Waksman, Albert Schatz, akapata streptomisini, dawa ya kwanza ya namna hiyo iliyoweza kupigana na kifua kikuu. Na mwaka 1957 udongo wa msitu wa misonobari wa kusini mwa Ufaransa ulipelekwa Milano, Italia, na bakteria aliyekuwamo akatoa kitu ambacho wataalamu wa kemia walikigeuza geuza mpaka wakapata rifampisini. Bakteria alitoa, watu wakamalizia. Mgonjwa wa kifua kikuu ameza rifampisini hata leo.

Rifampisini inayo historia hapa kwetu pia. Kuanzia mwaka 1970 wagonjwa wa Afrika Mashariki, pamoja na madaktari wetu na watafiti wa Uingereza, waliingia katika majaribio yaliyoonyesha kwamba miezi 6 ya dawa zilizochanganywa vizuri yaweza kumponya mtu, mahali ambapo zamani ilihitajika mwaka mmoja na nusu. Ni watu wa nchi hizi waliokubali kuchomwa sindano na kutoa makohozi mwezi baada ya mwezi ili jambo hilo lijulikane. Majina yao hayamo vitabuni, lakini wagonjwa wa dunia nzima wanakula matunda yao.

Sasa twarudi kwa nabii wetu, kwa maana kuna neno katika somo lake ambalo hupitwa upesi. Mkulima wa Isaya hapuri viungo vidogo kwa gurudumu la gari. Hutumia fimbo. Na nafaka ya mkate huipura kwa nguvu, lakini hajui tu kuanza, ajua na kuacha. Yaani Mungu amemfundisha kipimo. Udongo nao una kipimo. AMPO huwa kidogo, karibu na mzizi, kwa majira yake. Inazuia hawa, inawaacha wale. Nao bakteria walioishi nayo vizazi vingi wamejifunza kuivumilia. Jambo hilo peke yake lilitosha kutuonya.

Mwaka 1948 madaktari wa Uingereza walitangaza habari za wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa streptomisini peke yake. Walipata nafuu, watu wakafurahi, kisha kwa wengi wao vijidudu vikaizoea dawa ile. Ndiyo sababu leo dawa za kifua kikuu hutolewa kadhaa kwa pamoja. Lakini sisi nyumbani tunafanyaje? Mtoto akikohoa tunakwenda duka la dawa bila kumwona daktari, tunanunua vidonge sita kwa sababu fedha zimeishia hapo, anameza vinne, anapata nafuu, viwili tunaviweka juu ya kabati kwa ajili ya mtoto wa jirani. Hatusemi kwa dharau. Mzazi aliyefanya hivyo alimpenda mtoto wake. Lakini ule ugonjwa ulioonjeshwa dawa kidogo hujifunza kama bakteria wa mizizi walivyojifunza, tofauti ikiwa kwamba huu hufanya shule yake katika kifua cha mtoto. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu maambukizo yao hayakusikia dawa, na Afrika ya kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kuliko mahali pengine.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunayoweza kuyafanya si mengi, nayo yanawezekana wiki hii hii. Homa nyingi za mafua hazisikii antibiotiki hata kidogo, kwa maana hazitokani na bakteria. Ukiambiwa hivyo na muuguzi usikasirike ukadhani amekunyima. Ukipewa dawa, zimeze kama ulivyoandikiwa, wala usimgawie mtu. Wazee wa kanisa mnaokwenda kuwazuru wagonjwa, muulizeni mgonjwa wa kifua kikuu yuko mwezi wa ngapi. Mwezi wa kwanza kila mtu humtembelea. Mwezi wa tatu kikohozi kimekwisha, amerudi kazini, vidonge vinamchafua tumbo, nauli ya kwenda kliniki imekuwa mzigo, na hakuna anayebisha mlangoni. Hapo ndipo wengi huacha. Kikundi cha akina mama chaweza kuchangia nauli hiyo bila kuitangaza kanisani.

Na yule mzazi aliyeuliza kwa nini Mungu aliumba vijidudu, tumemjibu nusu tu, nasi hatutajifanya kwamba tumemaliza. Twaweza kumwambia hili: dawa iliyomponya mtoto wa pili ilitoka kwa jamaa za wale wale waliomchukua wa kwanza, nao walikuwa wakiitengeneza udongoni kabla hapajakuwapo mtu wa kuihitaji. Kama neno hilo litamfariji au litamwongezea maswali, hatujui, na yote mawili aruhusiwe kumwambia Mungu.

Tuombe. Bwana Mungu, Baba yetu, twakuletea walio katika mwezi wa tatu na wa nne wa dawa, ambao wamechoka. Wape nauli ya kesho, na tumbo la kustahimili vidonge. Uwakumbuke wauguzi wanaohesabu vidonge hivyo usiku wakiwa wachache. Uwakumbuke wazazi ambao usiku huu wanasikiliza pumzi ya mtoto. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.